Mkono wa Mtu

Mwanetu wa kwanza alifariki kwa degedege mwaka 1986, pamba ikiwa bado mashambani. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea kwa kushika ukuta. Mchana homa ilimpanda tukampa klorokwini, jioni ikatulia, usiku akakakamaa na macho yakageuka. Mume wangu alitoa baiskeli, nikapanda nyuma na mtoto kifuani, tukashika njia ya hospitali ya wilaya. Hatukufika naye. Tuliporudi asubuhi, wanawake wa kitongoji walikuwa wamekwisha kukaa uani, na kaburi halijachimbwa bado nilisikia kwa masikio yangu maneno ambayo yangetuandama miaka mingi: hapa pana mkono wa mtu.

Nayaandika haya kwa ajili ya Wakristo wenzangu, hasa wa Kanda ya Ziwa, waliowahi kuzika mtoto au kuona zizi zima likiteketea kwa ugonjwa, kisha wakaambiwa wamo vitani na ni lazima wamjue adui yao. Kwamba vita vya kiroho vipo, nasadiki. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, naye alipata kuhudhuria mikutano ya Edmund John, yule Mwanglikana, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliyekuwa akiombea wagonjwa na watu wanaosumbuliwa na mapepo hadi alipofariki mwaka 1975. Baba alituhadithia aliyoyaona huko, na hakuwa mtu wa kutia chumvi. Mimi mwenyewe nimewaona watu wakifunguliwa kwa maombi. Kwa hiyo sisemi kama mtu anayedhani dunia ni yale tu tunayoyashika kwa mikono. Ninachosema ni kwamba, kwa niliyoyapitia, yule mwovu ana njia moja ya kutushinda inayozidi zote: anatupa jina la mtu wa kumchukia, nasi tunalipokea tukidhani tumefunuliwa siri.

Mume wangu alikuwa wa kwanza kuokoka katika ukoo wao. Tulikutana chuo cha ualimu, tukapangiwa shule moja wilayani Maswa, si mbali na kwao. Mtoto alipozaliwa, wazee walitaka apewe jina la babu aliyetangulia, afungwe kamba ya dawa kiunoni, na nyumba izindikwe. Jina tulilikubali kwa furaha, maana babu yule alikuwa mtu mwema. Kamba na zindiko tulikataa. Basi mtoto alipokufa, maelezo yalikuwa yamekamilika kabla hatujafika na maiti: nyumba ilikuwa wazi, mchawi amepita.

Nataka nimtendee haki mama mkwe wangu, kwa sababu katika mahubiri mengi mtu kama yeye hutajwa upande wa giza. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe. Alikuja kwangu siku ya tatu, akafungua pindo la khanga, akaweka mbele yangu fedha alizokuwa akidunduliza za kununulia chumvi na mafuta ya taa, ziwe nauli ya kwenda kwa mganga. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikufundishwa kukaa tu mtoto akifa. Kwetu mtu anayekaa tu ndiye asiyempenda." Sikuwa na jibu la kumpa lililo fupi kama lile neno lake. Nilimshika mikono tukalia. Mahali pagumu pa kusimamia palikuwa pale, mbele ya mtu anayekupenda na anayekuomba, kwa machozi, ufanye jambo ambalo umemwahidi Mungu hutalifanya. Ni rahisi mno kuhubiri juu ya kusimama imara ukimfikiria adui mwenye pembe.

Tulipokataa, baba mdogo alikwenda kwa niaba yetu bila kutuambia. Kwetu ramli hupigwa kwa kuku. Mwenye shida huja na kuku wake, mganga humpasua na kusoma alama za ndani. Sheria ya Uchawi iliyotungwa tangu mwaka 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi, na waganga wanaijua vizuri, kwa hiyo hawataji. Huyu alisema ni mwanamke, amekula chumvi nyingi, damu ya ukoo huohuo, na anakaa upande jua linakozama. Akanyamaza. Jina walilimalizia wenyewe njiani wakirudi.

Upande jua linakozama palikuwa na nyumba moja tu ya ukoo: ya shangazi yake mume wangu. Alikuwa mjane, watoto wake wote wamekufa au wamepotelea mjini, na macho yake yalikuwa mekundu.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu macho hayo yamewaua wanawake wengi katika nchi yetu. Usukumani miti ilifyekwa tangu enzi ya wakoloni ili kuwafukuza ndorobo wanaoleta ugonjwa wa malale, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba. Kufikia miaka ya 1980 maeneo makubwa ya Shinyanga yalikuwa meupe. Mwaka huohuo wa 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kuwahimiza watu warudishe ngitili, zile sehemu za malisho na miti ambazo wazee wetu walikuwa wakizifunga. Lakini ngitili haioti kwa siku moja, na chakula hupikwa kila siku. Wanawake walipikia miti ya pamba na samadi kavu. Mwanamke aliyepika hivyo miaka thelathini au arobaini, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, macho yake huwa mekundu. Ukiongeza vikope, ambavyo vilikuwa vimejaa vijijini kwetu, kope hujikunja ndani na kulikwaruza jicho mpaka linachuruzika. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi darasa la tano, somo la usafi wa macho lilikuwa kwenye muhtasari. Nilimtazama shangazi nikaona moshi na ugonjwa. Wengine, watu wenye akili timamu, walimtazama wakaona mchawi anayepanda fisi usiku.

Kumvika mtu sura ya mchawi hakukuhitaji pepo yeyote. Ilitosha kukosa kuni.

Katika miaka hiyo mauaji ya vikongwe Shinyanga na Mwanza yalikuwa yanajulikana nchi nzima. Watu huja usiku na mapanga, mara nyingi wamekodiwa, na asubuhi kila mtu kijijini hajui kitu. Sisi tulijua kwamba neno lile la ramli, kama lingeachwa likomae, mwisho wake ungekuwa huo. Na tulijua pia kwamba neno moja la mume wangu, kwa kuwa ndiye baba wa marehemu, lingeweza kulifanya likomae haraka au linyauke. Ndugu zake walikuwa wanamsubiri aseme. Hakuwa na haja ya kuagiza mauaji. Ilitosha aseme, "Mungu anajua," kwa sauti ya namna fulani.

Hakusema. Alikwenda kwa shangazi akiwa na mimi, mchana, kwa njia ya katikati ya kijiji ili tuonekane, tukapeleka unga na dagaa, tukakaa mpaka jua likapungua. Tukarudia. Tukaendelea kurudia mpaka ikawa desturi ya nyumba yetu. Kule kukaa kulikuwa na gharama yake. Vikundi vya kulimiana viliacha kutuita. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, wanawake waliokuja kunitazama walikuwa wachache, na mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba ninamlisha atakayemla mwanangu.

Nisingependa msomaji adhani nilikuwa na moyo mkavu. Mtoto yule wa pili alipokohoa usiku nilikuwa naketi kitandani nikisikiliza pumzi yake, na ndani yangu sauti ikiuliza, je, kama ni kweli? Je, kama unamtoa mwanao sadaka ili uonekane mwamini hodari? Nilisali na mbingu zikawa kama zimefungwa. Zaburi nilizozipenda tangu utoto nilizisoma bila ladha. Kwa maoni yangu mapigano yenyewe yalikuwa pale, saa nane za usiku, bila kelele, bila mtu kuanguka chini akigaragara. Kulikuwa na kitu kinachonisukuma, kwa subira kuliko subira yangu, nielekee upande mmoja tu: mchague mtu, umwogope, umchukie, upate kupumzika. Chuki inapumzisha kweli. Aliyekwisha kumjua mchawi wake halali tena na swali.

Aliyenisaidia alikuwa muuguzi wa zahanati yetu, dada wa makamo kutoka Bukoba. Alikuwa mtoto wa Uamsho, ule uamsho wa kiroho makanisani ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, na Uganda, kisha ukaingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wa Uamsho wana desturi moja ambayo makanisa mengi ya leo, yenye vipaza sauti vikubwa, yameiacha. Wanaketi wachache wanaoaminiana na kila mtu anasema kilicho moyoni mwake, kama kilivyo, bila kukipaka rangi. Wao huiita kutembea nuruni. Dada yule alinikaribisha kwake Jumatano jioni pamoja na akina mama wawili wa kanisa letu, na baada ya wimbo aliniuliza ninaogopa nini. Nikasema, "Namwogopa shangazi." Sikuwa nimewahi kulitamka, hata kwa mume wangu. Hakunikemea wala hakuniombea kwa kelele. Aliniuliza, "Na yeye anamwogopa nani?"

Swali lile lilinikaa. Kesho yake nilikwenda kwa shangazi peke yangu kwa mara ya kwanza, nikamwuliza kama analala vizuri. Akanionyesha nyuma ya mlango: gogo, mawe, na kinu kilichopinduliwa, vyote vya kuuzuia mlango. Alikuwa hajalala vizuri tangu mazishi ya mwanangu. Sote wawili, kumbe, tulikuwa tukihesabu sauti za usiku uleule, mimi nikimwogopa yeye, yeye akiwaogopa wanaume wa ukoo wangu.

Katika ushirika ule mdogo wa Jumatano ndimo nilimosikia kwa kirefu habari za Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Rafiki yake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi ambaye miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mwalimu hapa nchini kwetu, Dodoma, ilimbidi akimbie na mkewe kuvuka mpaka, na kabla mwaka huohuo haujaisha akatoa kitabu ambacho kwenye jalada lake alitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu wengi walikasirika, hata waamini. Muuguzi wetu alikuwa amewahi kumsikia Kivengere akihubiri, akasema mtu yule hakuwa mlegevu wala hakuuficha uovu wa Amin. Alikuwa amekataa tu kuuacha uovu ule uingie ndani yake ukaishi humo. Nilifikiri sana juu ya hilo. Kivengere alikuwa na mtu halisi, mwenye jina, cheo na jeshi, na damu ya rafiki yake ilikuwa wazi. Mimi nilikuwa na kuku aliyepasuliwa.

Tangu hapo niliisoma Biblia nikiangalia jambo moja: watu wa Mungu waliozuiwa walimtafuta nani? Kitabu cha Ayubu nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kuona kwamba wajumbe wake walimletea majina. Wa kwanza alisema Waseba ndio waliochukua ng'ombe na punda. Mwingine akasema Wakaldayo ndio walioteka ngamia. Ayubu alikuwa tajiri, mtu mkubwa wa upande wa mashariki, angeweza kukusanya watu na kufuatilia nyayo. Wasukuma tunajua kufuatilia nyayo za ng'ombe. Sungusungu, walinzi wetu wa vijiji, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi hiyohiyo. Na bado, katika sura zote zinazofuata, Ayubu hawatafuti Waseba wala Wakaldayo. Anazungumza na Mungu, kwa ukali wakati mwingine, kwa maneno ambayo mimi nisingethubutu kuyatamka kanisani. Malalamiko yake makuu anayapeleka juu. Na Shetani aliyekuwa nyuma ya yote hayo Ayubu hamtaji kabisa. Hakujulishwa kwamba yupo katika habari ile, na alishinda bila kumjua.

Danieli vivyo hivyo. Alifunga majuma matatu, jibu likacheleweshwa siku 21 na mkuu wa ufalme wa Uajemi, na wakati wote huo hakujua kwa nini kimya kimekuwa kirefu. Alikuwa akiishi miongoni mwa Waajemi, akiwatumikia. Malaika alipomweleza sababu, hakumpa Mwajemi hata mmoja wa kumshughulikia. Alimtia nguvu na kumwambia asiogope. Mtume Paulo naye, aliposema Shetani amemzuia asirudi Thesalonike, alifanya jambo la kawaida kabisa: akamtuma Timotheo. Ninapenda jinsi lilivyo la kawaida. Njia moja imefungwa, mpeleke mwingine, kazi iendelee.

Huku nyuma mtoto wa pili aliugua kama wa kwanza, homa na kukakamaa. Kijijini ilikuwa inaaminika, na baadhi bado wanaamini, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa papo hapo, kwa hiyo kumpeleka zahanati kulionekana ni kummalizia. Tulimpeleka. Dada wa Bukoba alimtundikia dripu ya kwinini akakaa naye usiku kucha, mama mkwe akiwa mlangoni amejifunika khanga usoni asione. Mtoto alipona. Leo ana watoto wake. Klorokwini ile tuliyompa marehemu kaka yake ilikuwa imekwisha kuanza kushindwa na vimelea vya malaria, na mwaka 2001 Serikali iliiondoa ikaweka dawa ya SP. Nayaeleza haya kwa sababu Mkristo anayepigana vita vya kiroho hana ruhusa ya kudharau dawa, chandarua na darasa la sayansi. Nimeona watu wakikemea homa siku nne mfululizo kisha wakamtafuta wa kumlaumu siku ya tano.

Nilidhani baada ya mtoto kupona mambo yangetulia, na kwa miaka kadhaa yalitulia. Lakini upinzani mkali zaidi ulikuja baadaye, miaka ya 1990, na uliingia kwa mlango wa kanisa.

Alikuja mhubiri mgeni, mwenye kipawa, aliyealikwa kwa semina ya juma zima kwenye uwanja wa shule. Siku za mwanzo alifundisha vizuri, watu wakatubu, hirizi zikaletwa zikachomwa. Mimi nilifurahi. Siku ya nne alianza kuona maono. Alifumba macho akasema katika kitongoji hiki kuna ukoo ambao watoto hawasimami, kuna mwanamke mzee wa damu yao aliyeshikilia nyota zao, na makao yake yanaelekea machweo. Sijui nani alimnong'oneza. Umati mzima uligeuza shingo kutuangalia sisi, kisha ukageuza tena kuangalia magharibi. Watu walianza kuomba kwa nguvu kwamba adui afe kwa moto, na vijana wa kwaya yetu, niliowafundisha kusoma na kuandika, walikuwa wakirusha ngumi hewani wakisema afe, afe.

Jioni hiyo wazee wa kanisa walikutana chini ya mwembe. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hupima neno mpaka wengine wanachoka kumsubiri, alisimama wa kwanza. Alisema, "Ndugu zangu, leo tumepiga ramli. Tofauti ni kwamba hatukumchinja kuku." Palikuwa na ghadhabu. Mzee mmoja alimwambia anampinga Roho Mtakatifu. Mwingine alisema sasa inajulikana kwa nini mtoto wake wa kwanza alikufa. Mume wangu alikaa chini, akasubiri wamalize, akarudia maneno yaleyale bila kuongeza hata moja. Mchungaji alikuwa kijana, alisitasita. Hatimaye semina ilifupishwa, mgeni akaondoka, na familia kadhaa zikaondoka naye kuanzisha ushirika wao.

Mambo ya mama mkwe niliyaelewa. Yeye hakuwa amekiri imani yangu. Lakini kukataliwa na watu niliomega nao mkate, kwa jina la Yesu yuleyule niliyemwita usiku, kulinitikisa kuliko kifo cha mtoto. Nasema hivyo nikijua uzito wake. Mama anaweza kumzika mwanawe akabaki na Mungu. Anapoambiwa na kanisa kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayemwagiza amchukie bibi kizee wa watu, hajui tena akimbilie wapi. Kilichonishika ni ule ushirika wa Jumatano, wanawake wanne tu, na mume ambaye hakubadilisha maneno yake.

Usiku uleule tulimhamishia shangazi kwetu. Mume wangu alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa ntemi, yaani kiongozi, wa sungusungu, akawaambia mbele ya mashahidi kwamba mwanamke huyu yuko nyumbani kwake, na lolote litakalompata limpate na yeye. Majirani walikuja kutuonya. Kwa muda mrefu mume wangu alilala kwenye mkeka mbele ya mlango wa chumba cha shangazi, na kila mwano, ule ukelele wa hatari, ulipopigwa, sote tulikuwa macho. Wauaji hawakuja. Kama waliwahi kukaribia wakageuka, ni wao wanaojua.

Shangazi aliishi nasi miaka. Mama mkwe alikaa siku nyingi bila kuvuka kizingiti chetu. Aliyemvuta alikuwa mjukuu: alimzoea shangazi, akawa hali mpaka ale naye, na bibi yake akaona kwamba kila akila naye anaamka salama. Siku moja mama mkwe alikuja na michembe ya viazi, akaiweka mbele ya shangazi, wakaanza kuzungumza habari za ujana wao, za ngoma na za mavuno, kama watu waliokatizwa kwenye mazungumzo juzi.

Watu huniuliza kama shangazi alibatizwa. Aliniuliza mwenyewe, mapema kabisa, "Mnanilinda ili nibatizwe?" Nikamwambia hapana, tunakulinda kwa sababu wewe ni shangazi. Alitazama chini kwa muda. Baadaye aliniomba niwe namsomea Zaburi, akapenda zile za mtu anayewalalamikia wanaomvizia. Alisema aliyezitunga alikaa kijiji kama chetu. Alifariki mwaka 2003, kwa uzee, kitandani, akiwa bado na vijumba vyake vya mizimu nyuma ya nyumba yake ya zamani. Mchungaji yule kijana, ambaye wakati huo hakuwa kijana tena, alisimama kaburini akasema neno la Mungu, na baadhi ya waumini wakamlaumu. Mimi nilimshukuru.

Mambo hayajaisha. Kuanzia mwaka 2007 kanda yetu ilitiwa aibu mbele ya dunia kwa mauaji ya watu wenye ualbino, viungo vyao vikitafutwa na watu wanaotaka utajiri, na Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa kienyeji. Shuleni kwetu tulikuwa na mtoto wa darasa la pili mwenye ualbino. Walimu tulipeana zamu ya kumsindikiza nyumbani. Leseni zilifutwa, na mimi nilifurahi, lakini wateja hawafutwi kwa tangazo. Na sasa ramli haihitaji hata safari. Manabii wako kwenye simu, anayetaka ufunuo anatuma sadaka kwanza, na kinachorudi, mara nyingi mno, ni mama mkwe, shangazi, au mke mwenza.

Mwezi uliopita alikuja kwangu binti niliyemfundisha darasa la kwanza, sasa mke wa watu. Mimba zake mbili zimeharibika. Ameambiwa na nabii mmoja kwamba tumbo lake limefungwa na mama mkwe, na amepewa maombi ya siku saba ya kumwangamiza. Alikuwa na karatasi aliyoandika maneno ya kuomba. Sikumnyang'anya. Nilimwomba anisomee, kwa sauti, tukiwa tumeketi wawili, na alipofika kwenye jina la yule mama alishindwa kulitamka. Ni mama huyohuyo aliyemchemshia maji na kumkanda mimba ya pili ilipotoka. Tulikaa mpaka usiku. Nilimweleza juu ya Ayubu na Waseba, na nikamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa akina mama wa hospitali ya mkoa, maana mimba zikitoka mara mbili zinastahili kupimwa.

Hajaamua. Karatasi bado anayo, aliniambia hivyo kwa ukweli, na kwa ukweli huo nampa heshima kubwa. Anaomba tuwe tunaonana kila Jumatano. Wanawake wa ushirika wetu wamekubali, na mmoja wao atamsindikiza hospitali wiki ijayo. Mama mkwe wake ameomba naye aende.